Amplifaya ya zamani ya vali: usiichomeke kwenye umeme kabla ya kuifungua

Si ajabu, katika stoo ya kanisa, ya shule au ya chama cha ushirika, kukuta boksi zito la mbao lililovikwa ngozi ya bandia iliyochanika, kitambaa mbele, spika ndani, na matundu mawili au manne ya kuchomeka gitaa. Ukichungulia kwa nyuma unaona vioo vidogo kama chupa vimesimama juu ya bati. Hiyo ni amplifaya ya vali. Anayeikuta huwa na mawazo mawili: amwite mnunuzi wa chuma chakavu, au aichomeke ukutani aone kama bado inalia.

Yote mawili yanaharibu. Mnunuzi wa chuma chakavu atalipa kwa kilo, na anachokitaka ni shaba iliyo ndani ya transfoma, yaani sehemu ile ile ambayo ni ngumu kuliko zote kuipata tena. Kuichomeka nako kunaweza kuiunguza transfoma hiyo kwa dakika chache, na mwenye bahati mbaya zaidi akapoteza uhai. Amplifaya iliyolala miaka thelathini au arobaini inafunguliwa kwanza, inakaguliwa, inabadilishiwa vitu vichache vinavyojulikana, ndipo inapewa umeme, tena kidogo kidogo.

Zilifikaje huku

Muziki wa dansi wa Tanzania ulijengwa juu ya gitaa la umeme. Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932 na Morogoro Jazz mwaka 1944, wakati vyombo vya kupuliza na ngoma ndivyo vilivyotawala jukwaa. Kufikia miaka ya 1960 solo, rizimu na besi za umeme ndizo zilizobeba wimbo. Baada ya Uhuru bendi nyingi zilikuwa mali ya taasisi: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, iliyoanza mwaka 1964, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa TANU, bendi za jeshi na polisi, bendi za mashirika ya umma. Mwanamuziki aliajiriwa, lakini gitaa na amplifaya vilikuwa vya mwajiri, vimeandikwa kwenye daftari la mali. Bendi ilipokufa wanamuziki waliondoka na vyombo vikabaki stoo. Ndiyo sababu mpaka leo vitu hivi huonekana zaidi kwenye majengo ya taasisi kuliko nyumbani kwa wapigaji.

Majina unayoweza kukutana nayo ni Vox na Selmer za Uingereza, Fender ya Marekani, na kampuni nyingine nyingi zilizotengeneza vifaa vya namna hiyo hiyo. Wakati huo vali ndiyo iliyokuwa teknolojia ya kawaida. Transista ilivumbuliwa mwaka 1947, ikachukua zaidi ya miaka ishirini kuisukuma vali nje ya redio na vyombo vya muziki. Hata sisi watangazaji tuna undugu na vali, maana mitambo mikubwa ya kurushia matangazo ya redio iliendeshwa na vali kubwa kwa miongo mingi.

Kinachotokea ndani ya kioo

Vali ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa. Ndani yake kuna uzi unaopashwa moto kwa umeme mdogo, mara nyingi volti 6.3, na huo ndio mwanga wa rangi ya chungwa unaouona kwa nyuma. Uzi unaipasha moto kathodi, nayo ikishapata moto inatoa elektroni. Upande wa pili kuna sahani ya chuma yenye umeme mkali, volti 250 hadi 450, inayozivuta elektroni hizo. Katikati kuna wavu mwembamba uitwao gridi. Sauti ya gitaa, ambayo ni umeme hafifu wa sehemu ya kumi ya volti hivi, inapelekwa kwenye gridi. Kila gridi inapotikisika kidogo, mkondo mkubwa unaokwenda kwenye sahani unatikisika kwa kufuata mwendo ule ule. Kidogo kimeongoza kikubwa.

Vali ndogo za mwanzo, ambazo mara nyingi ni ECC83 (Wamarekani wanaiita 12AX7), zinakuza sauti kwa hatua. Mwishoni vali kubwa kama EL84, EL34, 6V6 au 6L6 zinatoa nguvu. Spika haiwezi kupokea umeme wa vali moja kwa moja, hivyo katikati kuna transfoma ya kutolea sauti, inayogeuza volti nyingi zenye mkondo mdogo kuwa volti chache zenye mkondo mkubwa. Hapa pana kanuni isiyo na mjadala: usiwashe na kupiga amplifaya ya vali bila spika kuunganishwa. Nguvu ikikosa pa kwenda inarudi kwenye transfoma na kuitoboa insulesheni yake.

Wapigaji wanazipenda kwa sababu vali ikizidiwa haikati sauti ghafla, inaibana taratibu. Wengi hufikiri faida hiyo ni ya wapiga roki tu. Mimi naona inasikika vizuri zaidi kwenye dansi, pale solo mbili na rizimu zinapopishana bila kugongana, maana kila noti inaanza kwa ukali kidogo kisha inalainika.

Umeme unaobaki baada ya kuchomoa

Ndani ya amplifaya kuna kapasita kubwa za kuchuja umeme. Kazi yake ni kuuhifadhi umeme na kuutoa ukiwa umetulia kama wa betri. Zikiwa nzima na hakuna njia ya kuumwaga umeme huo, zinaweza kubaki na mamia ya volti kwa saa nyingi baada ya plagi kuchomolewa. Fundi aliyezoea redio ndogo za transista, zenye volti 9 au 12, yuko hatarini kuliko hata asiye fundi, kwa sababu mkono wake umezoea kugusa popote.

Kwa amplifaya iliyolala miaka mingi umeme wa zamani umeshapotea. Hatari inaanza siku unapoiwasha kwa majaribio, ukaizima, ukarudi ndani na bisibisi. Mafundi wazoefu hutumia rezista ya kilo-omu 10 yenye uwezo wa wati 10, iliyofungwa waya wenye klipu kila upande. Klipu moja inabanwa kwenye bati la mwili, nyingine inaguswa kwenye upande chanya wa kila kapasita kwa sekunde kumi hivi, huku mkono mmoja ukiwa nyuma au mfukoni ili mkondo usipate njia ya kupita kifuani. Kisha inapimwa kwa mita. Ikisoma chini ya volti chache, endelea. Kuzipiga shoti kwa bisibisi, kama wengine wafanyavyo ili waone cheche, kunaharibu kapasita na kunaweza kurusha chuma kilichoyeyuka machoni.

Mvua ya Rungwe imefanya nini humo ndani

Tukuyu iko mwinuko wa takriban mita 1,500, na inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ndiyo mvua inayolea chai yetu na ndizi zetu. Kwa mbao, karatasi na chuma ni habari nyingine. Mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya nchi kavu hautakwambia mambo utakayoyakuta hapa.

Utakuta kutu kwenye bati na kwenye soketi za vali. Utakuta kuvu kwenye kitambaa na kwenye karatasi ya spika. Panya nao hupenda boksi lenye giza, na mkojo wao unakula waya mwembamba kabisa, hivyo vaa barakoa unapopiga vumbi kwa brashi. Yote hayo yanaonekana kwa macho. Yasiyoonekana ni mawili. La kwanza ni rezista za zamani za kaboni, ambazo hunyonya unyevu na thamani yake hupanda: iliyoandikwa kilo-omu 100 unaweza kuipima ikasoma 130 au zaidi. La pili ni kapasita za karatasi zilizofunikwa nta, zile zinazopitisha sauti kutoka vali moja kwenda nyingine. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuuzuia umeme mkali. Karatasi ikishaingia unyevu umeme mkali unavuja, unafika kwenye gridi ya vali kubwa, na vali inavuta mkondo kupita kiasi hadi sahani yake inageuka nyekundu kama mkaa. Ukiiona hali hiyo zima mara moja. Ikiendelea, vali inakufa na inaweza kwenda na transfoma.

Kwa hiyo kabla ya lolote iache amplifaya ikauke. Iweke kwenye chumba kikavu wiki mbili, nyuma ikiwa wazi, ikiwezekana na balbu ndogo ya joto karibu yake. Usiianike juani: nta huyeyuka na gundi ya mbao huachia.

Kazi yenyewe

Piga picha kwanza. Simu yoyote inatosha. Piga kila kona ya ndani kabla hujakata waya hata mmoja, kwa sababu amplifaya nyingi za zamani ziliunganishwa kwa mkono, waya kwa waya, na mchoro utakaoupata mtandaoni huenda ni wa toleo lililotangulia au lililofuata. Kila unachokitoa kiwekwe kwenye mfuko, usitupe.

Kitu cha kwanza kubadilisha ni waya wa umeme. Amplifaya nyingi za zamani, hasa za Marekani, zilikuja na waya wa nyuzi mbili tu, bila waya wa athi, na kapasita ndogo iliyounganisha umeme wa ukutani na bati la mwili. Kapasita hiyo ikifeli, mwili wa amplifaya unakuwa na umeme, nyuzi za gitaa zinakuwa na umeme, na mpigaji akigusa maikrofoni kwa mdomo anaufunga mzunguko. Iondoe kabisa. Weka waya wa nyuzi tatu, athi ifungwe kwa nati yake yenyewe kwenye bati, na ndani ya plagi ya pini tatu uweke fyuzi ya ampea 3 badala ya 13. Kisha hakikisha nyumba au kanisa lenyewe lina athi ya kweli iliyozikwa ardhini. Tundu la tatu ukutani si ushahidi.

Baada ya hapo zinakuja kapasita za kuchuja. Zina maji maji ya kemikali ambayo hukauka, na zilizokaa bila umeme kwa miongo haziaminiki. Wapo wanaozifufua kwa kupandisha volti polepole kwa siku kadhaa. Inawezekana, na wakusanyaji wa vitu vya kale wana sababu zao, lakini kwa chombo kitakachopigwa ibadani au kwenye sherehe sioni maana ya kubaki na kapasita ya mwaka 1968. Nunua mpya. Thamani za kawaida ni maikrofaradi 16 hadi 50, volti 450 au 500. Kapasita za volti 400 zinazotolewa kwenye televisheni mbovu zinavutia kwa bei, ila amplifaya inapowashwa, kabla vali hazijapata moto, umeme wa ndani huweza kupanda juu ya 450, na kapasita hiyo itavimba au kupasuka. Ukikosa ya volti 500, mbili za volti 350 zilizofungwa kwa mfuatano, kila moja na rezista ya kilo-omu 220 pembeni yake, zinafanya kazi hiyo vizuri. Kumbuka tu kwamba mbili zikifuatana, thamani inakuwa nusu: kupata 25 unahitaji mbili za 50.

Sasa unaweza kuipa umeme, lakini kupitia balbu. Balbu ya kawaida ya wati 60 au 100, ya uzi unaowaka, inafungwa kwa mfuatano kwenye waya mmoja wa umeme. LED haifai hata kidogo. Siku hizi balbu za uzi zimekuwa adimu madukani, na wanaouza vifaa vya kufugia kuku huwa nazo kwa ajili ya vifaranga, ila zile nyekundu za wati 250 ni kubwa mno kwa kazi hii. Toa vali zote, washa. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia karibu kuzimika, transfoma ya umeme iko salama. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, na balbu imeimeza hasara ambayo ingeunguza shaba. Kama amplifaya ina vali ya kunyoosha umeme, kwa mfano GZ34, irudishe hiyo peke yake na urudie kipimo, maana hapo ndipo kapasita mpya zinapopata umeme kwa mara ya kwanza. Halafu zima, mwaga umeme, na ubadilishe kapasita za karatasi na rezista zilizopanda zaidi ya asilimia 20. Ambazo hazijapanda ziache.

Vali zinarudi mwisho. Usizitupe kwa kuwa ni za zamani: kati ya vitu vyote vya humo ndani, vali zilizotengenezwa vizuri ndizo mara nyingi huwa bado nzima. Futa miguu yake na usafishe soketi. Weka spika, washa kupitia balbu, kisha moja kwa moja, ukizitazama sahani gizani kwa dakika tano. Ndipo unapima. Tuchukue Vox AC30, ambayo vali zake nne za EL84 zinatumia rezista moja ya omu 50 kwenye kathodi. Ukipima volti 10 juu ya rezista hiyo, gawanya kwa 50: unapata miliampea 200, yaani 50 kwa kila vali. Zidisha na takriban volti 310 zilizopo kati ya sahani na kathodi, unapata zaidi ya wati 15, wakati EL84 imekadiriwa kubeba 12 kwenye sahani. Hata ukitoa sehemu ndogo inayokwenda kwenye gridi ya pili, bado imezidi. Hujakosea hesabu, AC30 ilitengenezwa hivyo, na inajulikana kwa kuzichosha vali zake. Ikiwa na kelele za kukwaruza unapozungusha volyumu, tone la dawa ya kusafishia volyumu kwa kawaida linatosha.

Umeme wa ukutani, jenereta na sola

Umeme wetu ni volti 230. Amplifaya za Uingereza mara nyingi zina swichi ya kuchagua volti kwa nyuma. Ile ya AC30 ina 115, 160, 205, 225 na 245. Angalia imekaa wapi kabla ya jambo lolote. Kwetu, kama umeme wako huwa unapanda, 245 ni salama zaidi. Amplifaya ya Marekani iliyoandikwa 117 ikichomekwa moja kwa moja itaungua papo hapo; inahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa kutosha. Njia rahisi ya kujua kama umeme unakufaa ni kupima zile volti 6.3 za nyuzi za vali. Kati ya 5.7 na 6.9 vali zitaishi. Nje ya hapo tafuta stabilaiza.

Inveta za bei nafuu za sola hutoa umeme wa ngazi ngazi, usio laini. Vali zitawaka, lakini utasikia mlio, na transfoma itapata joto kuliko kawaida. Jenereta ya msibani au harusini ina tatizo jingine: inayumba kila mzigo unapoongezwa, basi amplifaya isiwashwe pamoja na pasi au jiko. Na radi ikianza kunguruma, chomoa plagi. Swichi peke yake haizuii radi.

Nani afanye, na vipuri vinatoka wapi

Kama hujawahi kufanya kazi na umeme wa volti 400, kazi yako iishie kwenye kukausha, kupiga vumbi na kupiga picha. Yaliyobaki mpe fundi redio wa zamani, mwenye umri wa kukumbuka vali, na umuulize swali moja kabla ya kumwachia: atazimwaga vipi kapasita? Jibu lake litakuonyesha kama anaifahamu kazi. Mkatalie fundi anayetaka kung'oa vyote vya ndani na kuweka bodi mpya ya transista yenye bluetooth. Bodi hiyo unaweza kuiweka kwenye boksi lolote jipya.

Transfoma iliyoungua haimaanishi mwisho. Mafundi wa kusuka mota wana waya wa shaba na mashine ya kuzungushia, na transfoma ya umeme wa kuingilia wanaiweza wakipewa idadi ya mizunguko ya kila upande, iliyohesabiwa wakati wa kuifumua ile ya zamani. Transfoma ya kutolea sauti ni ngumu zaidi, kwa sababu tabaka zake za ndani na za nje zimepishanishwa kwa mpango maalumu, na ukizisuka kwa mkupuo mmoja sauti za juu zinapotea. Spika iliyochanika karatasi inabadilishwa koni. Sumaku na fremu ya zamani vibaki.

Vali mpya bado zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China, na aina zinazotumika kwenye gitaa ndizo zinazopatikana kirahisi kuliko zote. Zitaagizwa kutoka nje, hivyo agiza seti ya akiba mara moja kuliko kulipia usafiri mara mbili. EL34 ilibuniwa na Philips, kampuni ile ile iliyokuwa na kiwanda cha redio Arusha. Kapasita na rezista unaweza kuzitafuta Mbeya mjini, na zikikosekana, maduka ya vipuri vya elektroniki Kariakoo.

Ikishapona isirudi stoo. Iwashwe angalau mara moja kwa wiki, saa moja, hasa kuanzia Machi hadi Mei mvua inapozidi, kwa kuwa joto la vali zenyewe ndilo linaloikausha. Iwe juu ya meza au vipande vya mbao badala ya sakafu ya saruji, na nyuma yake, pale penye uwazi, ufungwe wavu mwembamba wa chuma unaopitisha hewa na kumzuia panya.